Mbegu Zenye Chumvi

Nchi yetu, ambayo sitaitaja jina kwa kuwa yenyewe haipendi kutajwatajwa, ilikuwa na kila kitu isipokuwa chakula. Tulikuwa na barabara pana inayoanzia ikulu na kuishia uwanja wa ndege. Tulikuwa na sanamu ya Mlezi wa Taifa katikati ya jiji, ambayo wakati huo ujenzi wake ulikuwa umefika kifuani. Tulikuwa na Wizara ya Shibe na Utulivu, yenye jengo la vioo vitupu. Mashamba nayo yalikuwepo, mazuri kabisa, huko mikoani. Yalilimwa maua ya waridi, yakapakiwa kwenye ndege yakiwa bado na umande, yakapelekwa kwa watu wa nchi za mbali ambao, tuliambiwa, wana huzuni nyingi kuliko sisi.

Kwa hiyo unga ulipokosekana madukani hatukushtuka. Waziri wa Shibe na Utulivu, Mheshimiwa Profesa Kanali Mstaafu Ngurumo, alikuja kwenye redio akatueleza kwamba unga haukwisha. Ulikuwa umepumzika.

"Ndugu wananchi," alisema, kwa sauti ya mtu aliyetoka mezani sasa hivi, "tatizo letu si njaa. Njaa ni hisia. Tatizo letu ni kwamba mwananchi amezoea kukikuta chakula kimeshaota. Kuanzia leo kila nyumba ni shamba, kila ndoo ni ekari, na kila mwananchi ni mkulima, apende asipende."

Tulipiga makofi, kila mtu jikoni kwake.

Ugumu ulikuwa mdogo tu: hatukujua kulima. Kwa miaka mingi Agizo la Usafi wa Jiji lilikataza mmea wowote unaolika. Ukiotesha mahindi kando ya barabara, askari wa jiji walikuja na mapanga wakayafyeka. Ukificha matembele nyuma ya choo, ulitozwa faini, na matembele yenyewe yalichukuliwa kama ushahidi na hayakuonekana tena. Sisi wa majengo ya ghorofa tulikuwa tumesahau hata nyanya hutokea upande gani wa ardhi.

Serikali haikutuacha hivi hivi. Ilianzisha kipindi cha redio cha kufundisha wanaoanza, na tukakisikiliza kwa makini, kalamu mkononi. "Mkulima mpya," alisema mtaalamu wa siku ya kwanza, "aanze kwa kuchagua eneo tambarare lililo karibu na mto." Mimi naishi ghorofa ya tatu. Nilifungua dirisha nikachungulia, nisije nikawa nimepitwa na mto bila kujua.

*

Mlango unaotazamana na wangu ni wa Bi Chausiku, fundi cherehani. Alikuwa akiishi na mkwewe Zamoyoni, mke wa mwanawe wa pekee, Makame. Makame mwenyewe alikuwa amechukuliwa kwenda kujitolea kwenye ujenzi wa sanamu. Walikuja kumchukua asubuhi na gari, akajitolea.

Zamoyoni alikuwa mjamzito, na ujauzito ulikuwa unamla. Alikuwa akipanda ngazi kwa kukaa: anakaa, anapumua, anapanda kidogo, anakaa tena. Bi Chausiku alimpeleka zahanati. Muuguzi alimfunua kope la chini, akatikisa kichwa.

"Damu haitoshi. Hivi atajifungua kwa shida huyu. Ale mboga za majani, kila siku."

"Zinauzwa wapi, mwanangu?" Bi Chausiku akauliza.

"Mama, mimi nimesema ale. Sikusema zipo."

Wiki hiyo hiyo serikali iligawa mbegu. Kila kaya ilipewa pakiti moja nzuri sana, yenye picha ya Waziri akitabasamu, na ndani mlikuwa na mbegu za maboga, kubwa, nyeupe, zimekauka vizuri. Mzabuni alikuwa shemeji yake Waziri, mtu mwaminifu. Aliambiwa alete mbegu za maboga, akaleta mbegu za maboga. Hakuna aliyemwambia kwamba zisiwe zile za kukaanga zinazouzwa kwenye vikaratasi stendi ya mabasi.

Kula mbegu za taifa lilikuwa kosa la kufungwa. Nasema kwa uhakika kabisa kwamba katika jengo letu hakuna aliyezila, ingawa siku ile sote tulishikwa na kiu.

Bi Chausiku alipanda zake kwenye ndoo, akamwagilia, akangoja. Alingoja kwa heshima, kama mtu anayengoja ofisini. Mwishowe akafukua moja, akaipangusa kwa upindo wa kanga, akaiweka ulimini.

"Zamoyoni," akaita, "hizi zina chumvi."

"Chumvi, mama?"

"Zimekaangwa. Hata ningezipanda peponi zisingeota."

Mtu mwingine angekaa kimya na ndoo yake, kama tulivyokaa sisi. Bi Chausiku hakuwa na nafasi ya kukaa. Kila asubuhi alikuwa anasikia pumzi ya yule binti ngazini.

Mbegu alizipata Wizarani. Alikuwa ameshona mapazia ya ofisi ya Waziri, na siku ya kuyapeleka alielekezwa apite mlango wa nyuma. Huko, kando ya bomba linalomwaga maji ya kuoshea magari ya wakubwa, mchicha ulikuwa umejiotea wenyewe kwenye ufa wa sakafu, mrefu, umeshazeeka, vichwa vyake vimekauka. Yamkini ulikuwa ndio mchicha pekee uliobaki jijini, na askari wa jiji hawakuwahi kuufyeka kwa sababu hawakutegemea kuukuta pale. Bi Chausiku akajifanya amedondosha sindano. Akainama, akavipukusa vile vichwa ndani ya upindo wa kanga yake, akaufunga fundo, akapanda kupeleka mapazia.

*

Msidhani aliotesha mara moja. Yeye naye alikuwa mgeni wa mambo hayo kama sisi. Mara ya kwanza alipanda kwenye ndoo isiyo na tundu. Maji yakatuama chini, vimche vikaoza, na chumba kikanuka kama mtaro. Akachoma msumari kwenye jiko la mkaa, akatoboa kila chombo alichokuwa nacho, mpaka beseni la kuogea. Mara ya pili alizifukia mbegu chini sana, kama anayeficha dhahabu, zikafia huko huko. Alilia siku hiyo. Nilimsikia kupitia ukutani, na nikaongeza sauti ya redio ili asione haya.

Mara ya tatu alituliza akili. Udongo aliuchota kwenye kiwanja cha nyumba iliyobomolewa, akauchekecha kwa chekecheo la unga, maana unga wenyewe haukuwepo. Akauchanganya na samadi kuukuu ya mbuzi aliyoomba kwa wachinjaji. Chini ya beseni akatandaza kokoto. Mbegu akazinyunyiza juu juu, kama unavyonyunyiza chumvi kwenye yai, akazifunika na udongo mwembamba kabisa, akamwagilia kwa kopo lililotobolewatobolewa ili maji yasizizoe. Akaweka dirishani penye jua la asubuhi.

Nilikuwa kwenye kizingiti changu Zamoyoni alipopaza sauti.

"Mama! Mama, njoo uone! Wamekuja!"

Alisema wamekuja, kama vile wageni. Nami nikaingia kuangalia. Vilikuwa vimetokeza vijiuzi vyekundu, vyembamba mno, kila kimoja kimebeba vijani viwili visivyozidi ukucha wa mtoto. Bi Chausiku alikuwa amepiga magoti mbele ya beseni.

Walianza kula ile miche waliyoipunguza ilipobanana, kisha mchicha ukakomaa, ukapikwa kwa chumvi tupu, na baada ya majuma machache Zamoyoni akawa anapanda ngazi bila kukaa. Hata mimi nilipelekewa bakuli. Nililishika lile bakuli mlangoni nikashindwa kulifunika, kwa harufu yake.

*

Afisa Shibe wa Kata aliitwa Bwana Pazi, kijana mrefu, sare yake imempwaya kwa kukonda. Kazi yake ilikuwa kukagua mashamba ya nyumbani. Alipita chumba hadi chumba. Kwangu alikuta ndoo ya udongo mkavu, akaandika: maendeleo mazuri. Ghorofa ya pili alikuta jirani amechomeka maua ya plastiki ya sebuleni kwenye sufuria. Akayasifu, akaandika: maendeleo mazuri sana.

Alipofika kwa Bi Chausiku alisimama mlangoni akavua kofia.

"Shikamoo, mama. Hiki ni nini?"

"Marahaba. Mchicha, baba."

"Umetoka wapi?"

"Kwenye udongo."

"Mama, nakuuliza kikazi. Serikali ilikupa mbegu za maboga."

"Za serikali zimo kwenye ndoo ile pale. Nimezipanda. Bado zinatafakari."

Bwana Pazi akafunga mlango. Mimi nilikuwa mle ndani kurudisha bakuli, kwa hiyo nilifungiwa nao.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "jiji zima hakuna kilichoota. Na hilo halina shida, tumeshaandika kwamba kimeota. Sasa wewe kwako kimeota kweli. Mimi hiki nakiandikaje?"

Macho yake hayakutoka kwenye beseni. Bi Chausiku akamchumia fungu, akamfungia kwenye gazeti. Akalipokea kwa mikono miwili, akalitia ndani ya shati, na kesho yake akarudi na gari kuja kumkamata.

*

Wizarani alipokewa na Waziri mwenyewe, kwenye ofisi yenye yale mapazia. Haya naeleza kama alivyonisimulia.

Waziri hakumkaripia. Alifurahi. Sikukuu ya Shibe ilikuwa inakaribia, mabalozi wamealikwa, na Wizara haikuwa na jani hata moja la kuonyesha.

"Mama, wewe ni ushahidi hai wa sera," akasema. "Utasimama jukwaani na mabeseni yako, redio ya taifa ikiwa hewani, useme kwamba mchicha huu umetokana na mbegu tulizokugawia."

"Mheshimiwa, zile zilikuwa za maboga."

"Mbegu yetu ya boga ina uwezo wa kuota mchicha. Ndiyo maana ya utafiti."

"Na zimekaangwa."

"Zimetiwa joto," Waziri akasahihisha. Kisha akasogeza kiti karibu. "Nasikia una kijana kwenye sanamu. Kazi ya juu kule ni ya hatari, upepo mwingi. Siku utakayosema, jioni yake anashuka. Na mkweo atajifungulia hospitali yetu ya Wizara. Ina umeme."

Bi Chausiku aliomba muda wa kufikiri. Waziri akacheka sana, akasema fikiri, mama, fikiri, nchi hii ni huru.

Aliyemrudisha nyumbani ni Bwana Pazi. Njiani, bila kugeuza shingo, akamwambia jambo ambalo Waziri hakuligusa. Sheria ya Uzembe ilikuwa imeshaandikwa, inangoja ushahidi tu. Ikishathibitika kwamba mbegu za serikali huota, basi yule ambaye zake hazikuota ameziua kwa makusudi, na kaya yake itanyang'anywa kadi ya unga.

"Unga si umepumzika?" Bi Chausiku akauliza.

"Ukiamka, mama. Ukiamka, wao hawatakuwemo."

"Kina nani?"

"Jengo lenu lote. Mtaa wote. Hata mama yangu."

*

Jioni hiyo kabla ya chakula niliwasikia wakibishana. Kuta zetu ni nyembamba. Serikali ilizijenga hivyo ili kukuza ujirani.

"Sema tu, mama," Zamoyoni alikuwa akisema. "Ni maneno tu. Redio kila siku inasema uongo na hakuna anayekufa."

"Safari hii watakufa."

"Na Makame je? Akianguka kule juu? Huyu hapa tumboni amwite nani baba?"

Kikasikika kifuniko kikifunuliwa.

"Wangekuwa wao, wangetufikiria sisi? Mzee Shomvi hapo mlangoni angekufikiria wewe?"

Mzee Shomvi ni mimi. Nilingoja nisikie jibu, lakini kilichosikika ni kijiko kwenye sufuria, na baadaye sana sauti ya Bi Chausiku.

"Kula, mwanangu. Mimi sijui. Kula kwanza."

*

Siku ya sikukuu mabeseni yalikuja kuchukuliwa asubuhi. Yalipakwa rangi za bendera, na mpakaji kwa uzalendo wake akapaka na majani kadhaa. Uwanja ulijaa. Sisi tulioalikwa kwa lazima tulipewa vibendera, na mabalozi walipewa viti vyenye kivuli. Bi Chausiku alivaa kanga mpya aliyopewa na Wizara, yenye picha ya Waziri mgongoni, akawekwa mbele ya kipaza sauti. Zamoyoni alikuwa karibu nami, ameshika tumbo kwa mikono yote miwili. Midomo yake ilikuwa inasema, sema, sema.

"Mimi sijui kuhutubia," Bi Chausiku akaanza. "Mimi ni fundi wa nguo. Mbegu za serikali nilizipanda. Zilikuwa za kukaanga, zina chumvi. Hazioti. Ambaye mbegu zile hazikumwotea asidhani ni mkosi wake, wala asiitwe mzembe."

Vibendera vyetu vilishuka. Waziri alikuwa akipiga makofi. Katika maisha yake hakuwahi kusikiliza hotuba isiyo yake, na kila alipoona msemaji anapumua alipiga makofi kwa adabu.

"Lakini mchicha unaota," akaendelea. "Chukua beseni, au ndoo, au kopo, chochote. Toboa chini, kwa sababu mzizi nao unavuta pumzi. Tandaza kokoto. Udongo uuchekeche, uuchanganye na samadi iliyokaa, si mbichi, mbichi inaunguza. Mbegu usizifukie, zifunike kidogo tu, kama unavyomfunika mtoto wakati wa joto. Mwagilia kwa kopo la matundu, asubuhi na jioni. Mbegu zimo kwenye vichwa hivi vikavu, nimeviacha makusudi, nitawagawia. Ukibanana, punguza, na miche unayoipunguza uile."

Mtu wa mitambo ya redio alipaswa kumkata tangu neno chumvi. Baadaye alijitetea kwamba alikuwa anatafuta swichi. Walioketi karibu naye wanasema alikuwa anatafuta kalamu.

"Na ukifika wakati wa kuvuna," Bi Chausiku akasema, "usi—"

Hapo ukapigwa wimbo wa taifa. Tukasimama sote, mikono kifuani, na tukiwa tumesimama hivyo tukamwona akishushwa jukwaani na watu wawili. Alipopita mbele ya mabeseni yake alichomoa vile vichwa vikavu akavirusha kwa watu. Na watu, wakiwa bado na mkono mmoja kifuani, waliinama na mwingine.

Zamoyoni hakuinama. Alikaa chini pale pale kwenye vumbi, na uchungu ukamshika.

*

Alijifungulia zahanati yetu, ile isiyo na umeme, na alijifungua salama, mtoto wa kike. Muuguzi alisema damu ilitosha, tena ikabaki. Bi Chausiku hakuwepo. Alishitakiwa kwa kutoa mafunzo bila leseni, akapelekwa kwenye Nyumba ya Mapumziko ya Fikra, na juu ya hapo akapigwa marufuku, maisha yake yote, kutamka neno lolote linalohusu mimea. Hukumu alisomewa na Bwana Pazi, kwa niaba ya Wizara, na wanasema aliisoma haraka sana, kama mtu anayemeza dawa.

Sheria ya Uzembe ilikosa shahidi, ikawekwa kabatini, na huko iko hadi leo, nayo imepumzika. Waziri alipandishwa cheo.

Na jiji likaota. Watu waliotesha mchicha kwenye beseni, kwenye masinki, kwenye kofia za pikipiki, kwenye viatu vya marehemu. Waliotesha chooni na juu ya kabati. Hakuna aliyeutaja, kwa kuwa marufuku ya Bi Chausiku haikufafanua kama ni yake peke yake, na sisi ni watu wa tahadhari. Mtu alikuambia tu, "Wageni wamefika kwangu," nawe ukajibu, "Hongera."

Taabu ilikuja wakati wa kuvuna. Nchi nzima ilijua kupanda, na hakuna aliyejua lile neno lililokatwa lilimalizikaje. Usi nini? Wapo waliosema alitaka kusema usivune, basi wakauacha mpaka ukakomaa kama kuni. Wapo waliosema usichelewe, wakaula ungali nyuzi. Ndugu wawili wa ghorofa ya kwanza walipigana kwa ajili ya silabi hiyo na mpaka sasa hawapeani mkono. Wengi tuling'oa tu, mzizi na vyote, tukala siku mbili, tukabaki na udongo mtupu na kuanza tena kutafuta mbegu, ambazo zilikuwa zinakwisha. Serikali ilipoona mjadala unakua, ilitoa tamko rasmi la kumalizia sentensi: "Na ukifika wakati wa kuvuna, usisahau kumshukuru Mlezi wa Taifa." Tulimshukuru. Mchicha haukurudi.

*

Bi Chausiku aliachiliwa wakati mtoto ameshaanza kukaa mwenyewe. Alipanda ngazi akiwa amekonda, nywele zimekuwa nyeupe zote, na safari hii ni yeye aliyekuwa akikaa, anapumua, anapanda kidogo. Mlangoni alimkuta Zamoyoni na mtoto kiunoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Makame?"

"Bado yuko juu. Wamefika kidevuni."

Zamoyoni hakumtazama usoni. Alimpisha apite. Mtoto, ambaye hakuwahi kumwona bibi yake, alijificha kwenye bega la mama yake akalia.

Majirani walianza kuja bila kuitwa. Kila mmoja alisukuma mlango, akaweka fungu dogo la mchicha mezani, akatoka bila neno, maana angesema nini? Mimi nilileta langu nikakaa. Bi Chausiku aliyatazama yale mafungu. Yote yalikuwa na mizizi. Alichukua moja, akapitisha vidole kwenye ule mzizi mweupe, akafumbua mdomo, akaufumba. Kisha akafunika uso kwa kanga.

Tulikuwa hivyo Bwana Pazi alipoingia. Nilisimama kwa heshima na kwa kukosa pumzi. Meza ilikuwa imejaa kosa la jinai.

Hakuitazama meza. Alimtazama Bi Chausiku.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, afande."

"Nilikuwa uwanjani siku ile. Ulipofikia kuvuna, ukasema usi. Ilikuwa usi nini, mama?"

Bi Chausiku alimwangalia kijana yule aliyekula mchicha wake, kisha akamkamata na kumsomea hukumu.

"Sijui mambo ya mimea, afande. Nimekatazwa."

"Najua. Ni mimi niliyekusomea."

"Basi."

"Basi," akakubali. Alisimama kidogo, akavaa kofia, akanyoosha mkono kumuaga.

Bi Chausiku alichelewa kuupokea. Nikaona anakodolea kitu, nami nikatazama. Kwenye kucha za Bwana Pazi, zote, mlikuwa na udongo mweusi, mbichi.

Akaushika ule mkono. Hakuuachia. Akaugeuza, akakinyoosha kidole chake cha shahada mpaka kikasimama wima kama shina. Akagusa kwenye kitako cha kidole, akatikisa kichwa: hapana. Akapanda polepole kwa ukucha wake, akapita kifundo cha kwanza, akapita cha pili, na juu yake kidogo akapitisha ukucha kwa upande, kama kisu. Akambonyeza pale mpaka alama ikabaki. Kisha, kwenye vile vifundo viwili alivyoviacha chini, akagusa hapa na hapa, na vidole vyake mwenyewe vikachanua.

Bwana Pazi akakitazama kidole chake. Machozi yalikuwa yamemjaa machoni. Akaufunga mkono, akautia mfukoni kama mtu aliyepewa kitu, akashuka ngazi.

Zamoyoni alikuwa ameyaona yote. Akamjia mkwewe, akampakatisha mtoto, akachukua kisu, akatoka kwenda dirishani kwenye beseni lake mwenyewe.

Mimi nilikuwa nimeketi karibu nao kabisa, na macho yangu, namshukuru Mungu, bado ni mazima. Wizara ikiniuliza nilichokiona siku ile, nitajibu kama raia mwema: niliona watu wawili wakiagana kwa kupeana mkono.